Dakika Tatu za Mama Kirezi

Bodi ya shule ilimpa kila mzazi dakika tatu za kusema. Goretti alijiandaa kwa wiki mbili.

Shida yenyewe haikuwa ndefu. Wilaya ile ya shule ilikuwa na sekondari mbili: ya kusini imefurika, ya kaskazini ina madarasa matupu. Bodi ilitaka kuchora mpaka upya, na mpaka huo ulipita nyuma kabisa ya jengo walimopanga chumba. Binti yake, Kirezi, angehamishwa Septemba akiwa amebakiza mwaka mmoja tu. Mtoto alikwisha kusoma Uvira kule Kongo, akasoma kambini ukimbizini, akasoma mtaa wa Phillips walipofika Minneapolis, Marekani. Hii ya kusini ilikuwa shule ya nne, na ya kwanza ambayo walimu wake waliweza kulitamka jina la Kirezi. Goretti hakutaka kusikia habari ya shule ya tano.

"Mama, just ask," Kirezi alimwambia njiani. Kiswahili alikisikia chote, ila kujibu kwa Kiswahili ndiyo kazi.

"Mutu haombi mbele hajasalimia," Goretti akamjibu. "Nani alikufundisha vile?"

Basi saa kumi na mbili jioni akasimama kwenye maikrofoni na kitenge chake cha kanisani, Janvier wa kwaya akimtafsiria. Akamshukuru Mungu. Akawasalimu wajumbe saba mmoja mmoja, kwa majina yaliyowekwa mezani. Kisha akawapa heshima yao kwa kuwasimulia historia ya nyumba yao wenyewe, aliyoisoma kwa kamusi katika kijitabu cha wilaya: jinsi mkulima wa viazi alivyotoa shamba mwaka 1957 ili ijengwe sekondari ya kwanza, jinsi watoto walivyojaa hadi wakasoma kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana, jinsi ya pili ilivyojengwa, na ya tatu, na hiyo ya tatu ikafungwa watoto walipopungua, watu wazima wakalia hadharani. Janvier, ambaye haruki hata koma, alikula nusu ya muda. Goretti alikuwa anaukaribia mwaka 1990 taa nyekundu ya mwisho wa muda ilipowaka.

Ukumbi ukapiga makofi. Mwenyekiti, mama mmoja wa miwani, alisema hajawahi kumwona mzazi aliyekuja kuishukuru wilaya tu. Akamwita anayefuata.

Goretti akabaki amesimama palepale. Aliona haya, lakini hofu ilizidi haya: mwaka wa mtoto wake ulikuwa umemponyoka kwa ajili ya viazi vya watu.

Ndipo Kirezi akainuka kule nyuma. Wanafunzi hawakuhitaji kujiandikisha ili waseme.

"Samahani," alisema kwa Kiingereza. "Mama yangu alikuwa bado anasalimia. Hajaomba."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Basi aombe," alisema.

Goretti hakumngoja Janvier. Alitumia Kiingereza chake mwenyewe, kile cha chumba cha kufulia hotelini Bloomington, alikofanya kazi. "Binti yangu. Mwaka mmoja. Amalizie hapa. Tafadhali."

Mpaka ulipitishwa vilevile, kura tano kwa mbili. Lakini waliongeza mstari: waliobakiza mwaka wa mwisho wasihamishwe.

Janvier alipomnong'oneza hayo, wakiwa wameketi nyuma pamoja na Kirezi, Goretti alijifunga kitenge vizuri, akakohoa kidogo, akaanza kuinuka ili awashukuru, mmoja mmoja, kuanzia kwa mwenyekiti. Kirezi akalishika pindo la kitenge kwa mikono miwili, akamvuta chini.