Jiwe la Bi Mwanaheri

Zege lilikuwa limeanza kukauka kwenye karai, na Asifiwe bado hakuwa amelimwaga. Alikuwa amepiga magoti uani kwa Bi Mwanaheri, Chamazi, jua la saa saba likimchoma shingo, mbele yake shimo alilolichimba mwenyewe. Upande mmoja ilikuwepo nyumba ya tofali isiyopigwa lipu. Upande wa pili, hatua kumi kuelekea barabarani, lilikuwepo kaburi la Jabiri, mtoto pekee wa Bi Mwanaheri, limezungushiwa matofali na kupakwa chokaa. Mpaka halali wa kiwanja ulipita ng'ambo ya kaburi, kwenye mkorosho. Shimo la jiwe la mpaka lilikuwa huku, kati ya kaburi na nyumba.

"Mwanangu, mbona hilo limekaa ndani?" Bi Mwanaheri aliuliza. Alikuwa amesimama na sahani ya mihogo ya nazi. Tangu wapimaji waanze kazi mtaani kwao wiki mbili zilizopita, hakuwa amemruhusu Asifiwe aondoke na njaa hata siku moja.

"Hili ni la vipimo tu, bibi," Asifiwe alisema bila kuinua uso. "Mpaka wako ni pale pale kwenye mkorosho."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Ingekuwa nafuu kama angebisha. Mama wa watu alikaa zake kwenye kigoda, akaanza kupepea nzi kwenye sahani.

Leseni ya upimaji wa ardhi haipatikani kwa kujua kupima. Asifiwe alijua kupima. Viwanja vyote vya mtaa ule alivipima yeye, na mwenye kampuni, Mzee Valerian, hakuwahi kukanyaga huko. Shahada alikuwa nayo. Miaka ya kufanya kazi chini ya mpima mwenye leseni alikuwa nayo, tena imezidi. Kilichobaki ni daftari la mafunzo, kurasa thelathini na sita, kila mwezi ukurasa wake, na chini ya kila ukurasa nafasi ya saini ya huyo mwenye leseni. Nafasi zote zilikuwa tupu. Kwa miaka mitatu Mzee Valerian alikuwa akisema atasaini, akimaliza chai, akirudi safari, mambo yakitulia. Kwa nini asaini? Siku Asifiwe akipata leseni angekwenda zake, na nani angekubali kushinda juani kwa ujira wa mwanafunzi?

Jumanne ya wiki ile Asifiwe alikuwa amemfuata ofisini, Chang'ombe, juu ya karakana ya kuchomelea mageti. Ilibidi wapaze sauti.

"Mzee, maombi yanafungwa Ijumaa. Bodi wasiponiona mwaka huu, wameshasema watabadilisha masharti, naanza upya. Naomba unisainie."

"Si nakwambiaga nitasaini yote kwa mpigo?" Mzee Valerian alisema. Kisha akafungua mchoro wa Chamazi, akaweka kidole kwenye kiwanja cha Bi Mwanaheri. "Kuna mtu anajenga sheli hapo jirani. Magari ya mafuta yanataka nafasi ya kugeuzia. Hii mbele ya bibi iingie kwake."

"Pana kaburi, mzee."

"Kaburi lina hati?"

Chini walikuwa wanakata chuma.

"Mwenye kiwanja lazima aweke dole gumba kwenye fomu ya mipaka," Asifiwe alisema. "Hatakubali."

"Kwako atakubali. Anakupikiaga, nimesikia." Mzee alilivuta daftari la mafunzo upande wake wa meza, akaliwekea kikombe juu. "Liache hapa. Ukirudi na fomu yenye dole, utalikuta limesainiwa."

Asifiwe alikuwa amewahi kwenda kwa wapima wengine wawili wenye leseni. Wote walimwambia hawachukui wanafunzi, na kwamba miaka ya kwa Valerian bila saini ya Valerian haihesabiki, ni kama alikuwa amelala. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na mmoja. Kule Tukuyu mama yake alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba binti yake ni mpima ardhi wa serikali, na Asifiwe hakuwa na moyo wa kumsahihisha.

Basi alimwaga zege. Alisimika kipande cha nondo katikati, akalainisha juu kwa mwiko, akachora namba kwa msumari. Mkono wake ulikuwa na mazoea, na namba ilitoka nzuri kuliko zote za mtaa ule. Kisha akatoa fomu na kidau cha wino.

Bi Mwanaheri alifuta mkono kwenye kanga. Alilikandamiza dole gumba kwenye karatasi, akalishikilia hapo muda mrefu, kwa bidii, ili lisije likafutika.

"Sasa Jabiri wangu hasogezwi na mtu?"

"Hasogezwi, bibi."

"Basi na hili jiwe lako nitalitunza. Watoto wa huku wana fujo."

Mihogo aliila. Aliimaliza yote, kwa sababu kuiacha kungekuwa kusema kitu.

Mzee Valerian alisaini kurasa thelathini na sita kwa dakika kumi, kwa kalamu moja, huku akiongea na simu. Hakusoma hata mstari. Asifiwe aliwahi maombi, akaitwa kwenye usaili, akajibu kila swali. Mmoja wa wasaili alimwuliza jambo la kwanza katika kazi hii ni lipi, akajibu ni uaminifu, na wote wakaandika. Leseni ilitoka, na muhuri wenye jina lake. Mama yake alilia kwenye simu. Asifiwe naye alilia, ila si kwa jambo lilelile.

Ulipita mwaka na ushei kabla Mzee Valerian hajampigia. Asifiwe alikuwa amekwishapanga chumba chake cha ofisi, meza moja na viti viwili.

"Ile ramani ya Chamazi haijaenda wizarani," mzee alisema alipofika. Alikuwa amekuja nayo imekunjwa kwapani. "Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Mie? Kazi ni ya kampuni yako, mzee."

"Aliyekuwepo uwanjani ni wewe. Mwandiko kwenye fomu ni wako, namba kwenye jiwe ni yako. Mimi niko karibu kustaafu, mama, sitaki saini yangu ikae kwenye kiwanja chenye kaburi." Alisema kwa upole, kama mtu anayemgawia mwenzake urithi. "Sasa una leseni. Saini."

"Na nikikataa? Nikiwaambia jiwe ni la uongo?"

"Waambie. Watakuuliza nani aliliweka. Halafu watakuuliza hiyo leseni uliipata kwa saini ya nani."

Muhuri ulikuwa mpya, na wino wake ulikuwa haujazoea karatasi, ikabidi agonge mara mbili. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyoigonga kwa jina lake.

Baada ya miezi minne yule wa sheli akamtaka Asifiwe aende Chamazi kumwonyesha mwenye katapila mahali pa kuishia. Dereva aliitwa Leonardi, kijana mchangamfu wa Temeke, na njia nzima alilalamika kwamba mawe ya wapimaji huwa hayaonekani, yamefukiwa na takataka au watu wameyang'oa kwa makusudi, unazunguka hadi unachoka.

Bi Mwanaheri aliwaona kutoka mlangoni. Alikuja haraka, kanga ikimtoka begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu! Umepotea! Nilisema huyu kaniona sina maana tena. Njoo, njoo uone." Alimshika mkono, mkono wake mkavu na wa moto, akamvuta hadi katikati ya uwanja. "Jiwe lako hili hapa. Sikumwacha mtoto alikalie."

Lilikuwa jeupe pe. Kila Idi, Bi Mwanaheri alieleza, alipokuwa akipaka chokaa kaburi la Jabiri, ile iliyobaki kwenye ndoo alikuwa akilipaka jiwe. Alikuwa amelizungushia vijiwe vidogo, na mchanga wa pembeni ulikuwa na alama za ufagio wa asubuhi. Namba ilisomeka yote.

Asifiwe alifungua mdomo. Alitaka kusema samahani, lakini alijua neno hilo lingemlazimu kusema yote, na nyuma yake injini ilikuwa tayari inanguruma.

Leonardi aliruka chini, akaja, akainama kulitazama.

"Ndo hili, sista? Kuanzia hapa kwenda barabarani?"

Asifiwe aliitazama namba aliyoichora.

"Ndilo hilo, baba," Bi Mwanaheri alisema kwa furaha, akimsogezea mguu kando kijana asije akakanyaga chokaa. "Mpimaji wetu ndiye kaliweka."