Skurubu za Lameck

Udongo wa kaburi la mume wangu Ambwene ulikuwa bado mbichi pale kaka yake, Lameck, alipofunga chumba chetu kwa chuma. Hakutumia kufuli. Kufuli lina ufunguo, na ufunguo mtu anaweza kuuomba mbele ya watu. Alichukua bapa la chuma, akalilaza kutoka kwenye mlango hadi kwenye fremu, akalikaza kwa skurubu nne alizozileta kutoka Tunduma. Nilisimama nyuma yake na khanga yangu ya msiba, nikiutazama mgongo wake.

"Shemeji, cherehani changu kimo humo," nilisema.

"Kila kitu kimo humo. Jumamosi ukoo ukikaa, vitagawanywa."

"Cherehani si cha Ambwene. Nilikuja nacho kutoka kwa mama, Matema."

"Nani alikuona ukija nacho?"

"Mkeo. Veronika ndiye aliyenitua, akakishika kwa mikono yake."

"Veronika amesahau."

Veronika alikuwa amesimama palepale. Akageuka, akawatazama kuku.

Lameck aligonga skurubu ya mwisho kwa kidole. "Haya, Tulinagwe, uliyeishia darasa la tano. Fungua ukiweza. Hizi zinaingia tu, hazitoki."

Alipoondoka nilijaribu kwa kisu cha jikoni. Kila skurubu ilikuwa na mfereji kichwani kama skurubu nyingine, lakini kingo zake zilikuwa zimenyolewa upande mmoja. Ukizungusha kukaza, kisu kinashika. Ukizungusha kulegeza, kinateleza na kutoka nje. Kiliteleza kikanikata kidole gumba, nikakaa chini nikakinyonya, hasira imenipanda mpaka masikio yanavuma. Shoka lilikuwepo. Lakini nikivunja mlango ningekuwa mwizi, na nadhani hicho ndicho Lameck alichokuwa anakingoja. Nilitaka mlango ubaki mzima, chuma kikae chini, na mimi niwe nimeondoka na changu.

Skurubu ya tano, ya akiba, ilikuwa imemwanguka kwenye vumbi. Niliiokota, nikapanda bodaboda kutoka Ngana hadi Kyela mjini, Bondeni, kwenye duka la mzee Mudathiri. Binti yake, Hanifa, huwa namshonea magauni.

"Pole na msiba, shoga," Hanifa alisema, kisha akaiona skurubu kiganjani mwangu. "Baba, njoo uone kitu."

Mzee Mudathiri aliivalia miwani. "Hii ni ya kufungia vibao vya barabarani, watu wasiibe. Bisibisi ya kuifungulia sina, mwanangu. Hata aliyeifunga hana."

"Sasa huyo shemeji yako atafunguaje hiyo Jumamosi?" Hanifa akauliza.

"Atavunja," nikasema. "Yeye akivunja ni mtoto wa nyumba. Mimi nikivunja ni mwizi."

"Mshenzi kabisa!"

"Hanifa, kuna wateja," baba yake akasema, lakini hakumkatalia.

Mteja alitaka nusu mche wa sabuni. Hanifa akachukua kipande cha msumeno wa kukatia chuma kilichofungwa kitambaa upande mmoja, akaanza kukata. Nikautazama ule mfereji ukizama kwenye sabuni, umenyooka, kingo zake zimesimama pande zote mbili. Nikaitazama skurubu.

"Naomba huo msumeno."

"Huu? Huu ni wa sabuni, shoga."

"Naomba huohuo. Na bisibisi bapa, nene kuliko zote."

Ijumaa asubuhi Lameck alikwenda Lyulilo kununua samaki wa kikao. Nikatoka jikoni, ambako walikuwa wamenilaza tangu mazishi, vifaa vyangu nimevificha ndani ya khanga. Nikafika kona ya nyumba nikasimama.

Mbele ya mlango wangu palikuwa na kiti, na kwenye kiti alikuwa baba mkwe wangu, mzee Yohana.

Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hakanyagi alipokaa. Nikimwona njiani naingia kwenye migomba mpaka apite. Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kuuona uso wake sawasawa. Lameck alijua. Alimweka baba yake pale kama mbwa wa mlango, akaenda zake Lyulilo bila wasiwasi.

Nilirudi nyuma ya ukuta. Hasira yangu ilikuwa kwa Lameck, kisha ikahamia kwa mzee, aliyekubali kukalishwa pale huku akijua cherehani ni cha nani. Heshima yangu mwenyewe, niliyoitunza bila kosa, ndiyo waliyoifanya kuwa kitasa.

Halafu mzee akakohoa, na nikakumbuka kikohozi kile. Hukohoa kabla ya kupinda kona yoyote, ili nijitenge. Siku moja aliiona khanga yangu kisimani, akarudi nyumbani na kiu yake. Siku zote nilipomkwepa, na yeye alikuwa ananikwepa.

Nikajifunika kichwa, nikainamisha macho, nikatoka, nikatembea moja kwa moja kuelekea kwenye kiti.

Mzee akakohoa. Sikujitenga. Akakohoa tena, kwa nguvu.

"Jogoo huyu," alimwambia jogoo, maana mimi hakuweza kunisemesha, "jogoo huyu leo ana wazimu?"

Nikaendelea. Nikasikia kiti kikianguka, fimbo ikigonga chini, na miguu ikikimbilia kwenye mikakao. Kandambili yake moja ilibaki mlangoni. Niliisogeza pembeni kwa adabu, nikaanza kukata.

Chuma kililia. Nilikata mfereji mpya kwenye kila kichwa, nikamwagia maji kilipopata moto, nikakata tena. Kisha nikaegemeza kifua changu chote kwenye bisibisi, nikazungusha. Ya kwanza ilikwaruza, ikakubali. Ya mwisho niliikata mara mbili, nikiitukana kwa matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Bapa likaanguka. Mlango haukuwa na jeraha.

Nilikuwa nimekitoa cherehani uani pikipiki ilipoingia. Lameck akashuka na ndoo ya mbasa.

"Baba! Baba uko wapi?"

"Huku!" sauti ikajibu kwenye mikakao.

"Si nilikwambia ukae mlangoni!"

"Nikae, na mkamwana anapita mbele yangu? Ulitaka nimtazame? Wewe umelelewa na nani?"

"Hebu toka huko, baba!"

"Ameshaondoka?"

"Bado yupo!"

"Basi sitoki!"

Dereva wa bodaboda akacheka kwa sauti. Mimi sikucheka. Nilimwendea Lameck, nikatumbukiza skurubu zake nne kwenye ndoo, juu ya samaki.

"Hazitoki, ulisema."

Veronika alikuwa ametoka nje. Cherehani cha mkono ni chuma kitupu, siwezi kujitwisha peke yangu. Nikakunja ngata, nikaiweka kichwani, nikamtazama machoni.

"Wewe ndiye uliyenitua nilipokuja nacho. Nitwishe."

"Usiguse!" Lameck alisema.

Veronika alimwangalia mumewe, akaangalia mlango mzima na bapa lililolala chini. Kisha akainama, akashika upande wake, na mimi nikashika wangu.