Maungio ya Boti ya Tajiri

Saa tatu asubuhi fundi umeme alikuwa amelala kifudifudi, kichwa ndani ya shimo la injini, miguu nje. Boti ilimzidi umri kwa miaka kumi, na nyaya zake zilizoungwaungwa zilikuwa zimelala kwenye maji machafu kama tambi zilizosahauliwa jikoni. Nahodha alikuwa kaka yake. Saa nane angevusha abiria arobaini, na pampu ya kutoa maji ilifanya kazi inapojisikia.

Alibandua tepu kwenye ungio la kwanza. Shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Ungio likasema, kwa sauti ya mtu mwenye mafua, "Hii ya muda tu. Kesho narudi."

Ilikuwa sauti ya marehemu aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, mwalimu," akasema fundi, akalikata.

La pili likasema, "Nyekundu imeisha, nimetia nyeusi. Atakayekuja atajua." Aliyekuja ndiye yeye, na hakuwa amejua. La tatu liliomba radhi tu. Kufikia saa sita alikuwa amefungua maungio thelathini, na ahadi za kesho zilikuwa ishirini na sita. Aliyafunga upya moja moja: akayabana kwa koleo, akayavisha neli ya plastiki na kuipasha moto mpaka ikakumbatia waya, akabandika lebo, akayapandisha kwenye sanduku kavu, juu kabisa. Kila lililofungwa sawasawa lilinyamaza. Wahenga wanajua ni kipi hujitembeza.

Likabaki la pampu. Alipolibandua, ikatoka sauti ya tajiri, mwenye boti: "Unga hivyo hivyo. Maji yakiingia, si wana mikono?"

Tajiri alikuwa amesimama gatini, anasikia.

"Sauti yangu ya ujanani hiyo," akasema. "Ilikuwa nzito, eh?"

"Bosi, waya umeoza mpaka ndani. Nipe saa mbili nivute mwingine."

"Mwanangu, watu wako foleni. Piga tepu."

"Kaka yangu ndiye anaendesha!"

"Na kuogelea anajua. Nilimuuliza siku ya kumwajiri."

Abiria wakapanda. Ungio likarudia maneno yake kwa kila aliyepita. Mama mmoja mwenye sanduku la nguo alisimama, akasikiliza mpaka mwisho. "Angalau hii inakwambia mapema," akasema, akatafuta kiti karibu na ndoo.

Fundi hakupiga tepu. Alikata kipande kilichooza. Ncha mbili zilizobaki hazikufikiana, zilipungukiwa shibiri moja. Akaketi sakafuni, akashika moja huku, nyingine huku. Pampu ikaunguruma.

"Dada, huna tiketi," akasema nahodha.

"Mimi waya."

Nahodha akaona ni kweli, akawasha injini.

Boti ilipoiacha gati, maji yakitoka ubavuni vizuri kabisa, tajiri alichomoa kalamu sikioni na kujaza fomu ya ukaguzi. Penye pampu akaandika: nzima.