Siku ya Tisini, Njia ya Mwambani

Njia isiyopitwa na mtembeaji kwa siku tisini hufutwa kwenye ramani. Ndiyo kanuni ya ofisi yetu inayosimamia njia za matembezi huku kaskazini mwa ziwa, na ushahidi wake ni daftari la saini za watembeaji lililo kwenye sanduku la bati ufukoni, njia inapoishia.

Njia ya Mwambani ilibakiza siku moja. Si kwamba watu waliichoka. Meneja wetu alisimika kibao, NJIA HAIPITIKI, juma lilelile mwenye hoteli alipoutaka ufuko uwe wake peke yake. Mimi hupaka alama za rangi kwenye miti na miamba. Nikaagizwa nizifute. Nikajibu kwamba mkono wangu umesomea kupaka tu.

Saini ya mfanyakazi haihesabiwi, kwa hiyo nilikwenda na shangazi.

“Goti lako litaweza?”

“Goti ni langu. Siliombi ruhusa.”

Tulitembea saa tatu. Hatukukuta tope wala jiwe lililoporomoka. Ufukoni tulimkuta Meneja, suruali imejaa mbegu za vishona-nguo za njiani, daftari kwapani.

“Mmefikaje hapa? Njia haipitiki.”

Shangazi alimkagua kuanzia viatu. “Na wewe, mwanangu, umeshushwa na mwewe?”

“Nimekuja kikazi, mama.”

“Basi imepitika kikazi. Lete daftari.”

“Linarudi ofisini.”

“Nitasaini hapohapo kwapani. Nyanyua mkono.”

Nilicheka. Meneja akanikazia macho. “Wewe kazi huitaki.”

“Naitaka, bosi. Ndiyo maana sikufuta.”

Akageuka aondoke. Lakini pale pana maji mbele, mwamba kushoto na kulia, na upenyo mmoja tu wa kurudia. Shangazi alikwisha kuketi kwenye upenyo huo, miguu kainyoosha kutoka jiwe hadi jiwe.

“Nipishe, mama.”

“Goti limegoma. Ruka.”

Alinyanyua mguu, akaurudisha chini. Kumruka mtu mzima aliyelingana na mama yake, tena mbele yangu, kulimshinda. Alisimama hadi jua likaanza kumchoma utosi, kisha akamkabidhi Shangazi daftari.

Shangazi aliandika jina lake kwa herufi kubwa, likala mistari miwili. Hakuifunga kalamu. Chini yake akaongeza: *Na Meneja, kwa miguu yake mwenyewe.*