Mbuzi Aliyerudi Nyuma ya Mstari

Nyakasanza nzima ilimjua arbitre Fiacre, mwamuzi wa basketi, kwa filimbi yake na kichwa chake kigumu. Jumapili ile, sekunde za mwisho, timu ya Orly iliongoza kwa pointi moja. Walishavuka mstari wa katikati, mpira ukawaponyoka ukarudi nyuma, Orly akaukimbilia akaudaka. Fiacre akapuliza: retour en zone! Ukishavuka na mpira, haurudi kwenu. Wapinzani wakapewa, wakafunga, Orly akatoka analia.

"Emery wa timu yao ndiye aliugusa!" alifoka Mama Pétronille, mama yake Orly. "Adui akigusa wa mwisho, si kosa!"

"Sikuona kidole ya mutu, Mama."

Mwongo! Alikiona, ila filimbi ilikuwa imeshalia, na Fiacre kuimeza mbele ya watu hakuweza.

Balaa ni kwamba Mama Pétronille ndiye pia mama yake Véronique, na Jumamosi iliyofuata Fiacre alikuwa anapeleka mali ya kumwoa.

Ng'ombe waliingia salama. Mbuzi wa mwisho, wa kupewa mama mkwe mwenyewe, alivuka mlango wa ua, akashtuka, akatimka tena barabarani. Wajomba wa Fiacre wakamkimbiza, wakamkamata, wakarudi naye wanahema. Mama Pétronille alikuwa ameziba mlango, mikono kiunoni.

"Retour en zone! Alivuka, akarudi kwenu, na ni nyinyi mumemugusa. Huyo amepotea. Leteni mwengine, ao Véronique habadiliki kuwa bibi ya mutu leo!"

Mwengine atoke wapi? Fiacre alimwona Véronique akichungulia pazia, machozi yanamlenga. Akaropoka:

"Hapana, Mama! Muzee Jérôme, kaka yako, alimuvuta mukia kule ndani, anapima mafuta! Adui akigusa wa mwisho, si kosa!"

Jamani, wakwe zake kawaita adui! Watu wakaangua kicheko. Mama Pétronille hakucheka.

"Rudia."

Akarudia, sauti imepungua.

"Na kidole ya Emery?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Fiacre akamtazama mbuzi, akalitazama pazia.

"Niliiona, Mama."

"Kwa nguvu. Orly asikie."

"Niliiona! Nilikosa, na nikaona haya kusema!"

Mama Pétronille akasogea pembeni. Orly akatoka barazani polepole, akachukua kamba mkononi mwa Fiacre.

"Leta, shemeji," akasema, akamwingiza mbuzi ndani.