Perez Wote wa Achola

Jumatatu asubuhi Achola alikuwa ameinamia karai la mafuta, akigeuza mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki kiwanda kikishachukua minofu. Binti yake Perez alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu, tayari kwenda kufundisha chekechea. Nyuma yake, mezani, Perez wengine wanne walikuwa wanakunywa uji.

Pale mtaani Obunga hilo halikuulizwa tena. Perez alikua kama watoto wengine, isipokuwa kila alipotoka akili moja na kuingia nyingine, yule wa awali alibaki nyuma, akiwa na umri uleule na gauni lilelile. Wa kwanza alibaki siku Achola alipoenda kuchukua samaki, na mtoto akajua bila kuambiwa kwamba mama anayeondoka hurudi. Achola aliporudi alikuta mmoja bado analia ndani ya beseni, na mwingine ametulia mkekani akichezea kifuniko cha sufuria. Akawanyonyesha wote wawili. Yule wa kwenye beseni walimwita Nyathi, yaani mtoto, na hakuacha kulia.

Wa pili majirani walimwita Changu, kwa sababu hilo ndilo neno alilolipenda. Huyu alibaki siku Perez alipokata andazi lake na kumpa mtoto wa jirani bila kulazimishwa. Changu aliketi palepale akililia kile kipande. Wa tatu alikuwa Sheria, msimamizi wa foleni ya bomba la maji. Siku moja alimrudisha nyuma mama mjamzito aliyekuwa ameshikwa na uchungu, kwa kuwa hakupanga foleni. Perez aliutazama uso wa yule mama, akachukua ndoo yake akamjazia. Sheria alibaki kwenye bomba akisema foleni ni foleni.

Wa nne alijiita Shantel, maana wasichana wa shuleni walisema Perez ni jina la nyanya mzee. Shantel alitaka kupendwa, basi. Alibaki siku darasa zima lilipomcheka msichana mmoja kwa kunuka samaki, na Perez akabeba vitabu vyake akaenda kukaa naye. Kwenye dawati la zamani Shantel alikuwa bado anacheka, ingawa si kwa sauti.

Achola aliwalisha wote bila kunung'unika, na wanawake wa mtaa walimheshimu kwa hilo. Perez mwenyewe walimstahi zaidi. Kila Jumamosi aliwasuka nywele mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyewahi kumsikia akimgombeza yeyote kwa kuwa vile alivyo.

Jumatatu hiyo, watoto wakiwa njiani kwenda shule, ukuta wa godauni la Bwana Dishon ulianguka. Ulimwangukia Debra, mwanafunzi wa Perez, bintiye Nakhungu, mama mboga aliyetoka upande wa Bungoma. Perez alikuwa hatua chache nyuma yake. Aliondoa matofali kwa mikono, na Shantel, aliyekuwa amekuja kununua vocha, akasaidia. Sheria aliwapanga waliokuja kutazama. Debra alikuwa hai, lakini mguu wake ulikuwa umesagika, na hospitalini waliuwekea vyuma.

Jumapili baada ya kanisa, Bwana Dishon alikuja kwa gari lake kutoka Milimani, mtaa wa wenye pesa. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na mabati ya darasa la Perez aliyatoa yeye. Alipokea chai, akamsifu Achola kwa samaki, akampa Changu soda. Changu akapanda magotini pake.

“Mwalimu,” Bwana Dishon akasema taratibu, “ule ukuta umeangushwa na upepo wa ziwa. Hapo hakuna mtu wa kulaumu.”

Perez alimkumbusha kwamba alimwendea mara mbili kumwambia ukuta umeinama na hauna hata chuma kimoja ndani. Bwana Dishon alisema hakumbuki. Akatoa mzaha kuhusu walimu na kumbukumbu zao, na Shantel akacheka kule pembeni. Alipoinuka kuondoka alisema shule inahitaji walimu wa kujenga, si wa kubomoa.

Gari lilipotoka, Achola alikusanya vikombe.

“Huyu Bwana hajawahi kuacha mtu nyumbani,” akasema.

Perez alielewa. Mtu aliyekuwa amekaa kwenye kile kiti alikuwa na mvi na tumbo, lakini ni yuleyule aliyewahi kunyang'anyana vitu vya kuchezea na ndugu zake. Hakuwa amehama.

Kesi ya ule ukuta ilisikizwa Jumatano katika ofisi ya mtaa, na Perez aliitwa kuwa shahidi. Achola alimshauri binti yake aende peke yake. Shantel hakutaka kwenda kabisa.

“Zii, watu watatuangalia vibaya. Si useme tu hukuona?”

“Nikienda peke yangu nitaonekana jasiri,” Perez akajibu. “Lakini wewe ndiye unayeniogopesha, na Sheria ndiye anayenifanya nisimame. Nikiwaficha nitakuwa nimeanza na uongo. Twendeni.”

Akamfunga Nyathi mgongoni, akamshika Changu mkono. Watu waliokuwa barabarani walisogea kuwapisha, na mzee mmoja akavua kofia.

Afisa wa mtaa aliomba iletwe benchi nyingine. Kisha akawaapisha wote kwa Biblia moja, kwa kuwa jina lilikuwa moja, akawauliza kila mmoja kwa zamu. Nyathi alilia. Changu alisema yule mzee ni mzuri, alimpa soda. Sheria alisema aliyejenga vibaya achapwe, na Debra naye achapwe, kwa sababu watoto walikatazwa kupita pale. Shantel alitazama nyuso za watu mmoja mmoja, akatazama chini, akasema hakuona vizuri.

Perez alizungumza mwisho. Alisema hapakuwa na upepo asubuhi ile. Nguo zilikuwa zimening'inia kwenye kamba bila kutikisika. Alisema ukuta ulikuwa umeinama tangu mwezi wa nne, na kwamba mwenye ukuta aliambiwa. Alisema pia kwamba aliogopa kupoteza kazi, na angali anaogopa. Sauti yake haikupanda. Nakhungu, aliyekaa mbele na leso kichwani, alikuwa akiitikia kila sentensi kwa kichwa.

Afisa alishauriana na karani wake. Akatangaza kwamba shahidi amejipinga mwenyewe, na kwamba kati ya kauli tano ni moja tu iliyomtaja Bwana Dishon kwa jambo la kuchunguzwa. Basi, akaamua, ukuta uliangushwa na upepo. Bwana Dishon alishukuru, akawasalimu watu wote kwa mkono, hata Nyathi.

Nje, Nakhungu alimshika Perez mabegani.

“Umesema, mwalimu. Mimi nimesikia.”

Wiki hiyohiyo kamati ilimwandikia Perez kwamba huduma zake hazihitajiki tena.

Asubuhi iliyofuata Achola aliamka akamkuta Perez ameketi kizingitini, mgongo wima, amevaa nguo zilezile za ofisini, akitazama barabara. Na jikoni Perez mwingine alikuwa anafunga samaki wawili kwenye gazeti. Achola aliwatazama kwa zamu. Alimwekea yule wa kizingitini chai karibu, kwani alionekana atakaa sana. Kisha akamsindikiza huyu wa jikoni hadi njiani.

Debra alikuwa ametolewa hospitalini, na ilibidi afunzwe kutembea upya. Perez alimpa Nakhungu samaki, akamshika mtoto chini ya kwapa, wakatoka nje wakifuata njia. Mafundi wa Bwana Dishon walikuwa wanajenga ukuta palepale, kwa matofali yaleyale waliyoyakung'uta udongo, bila chuma. Perez alimpitisha Debra upande wa pili wa njia.

“Mwalimu, ni nani amekaa pale mlangoni kwenu?”

“Ni mimi.”

“Anangoja nini?”

“Anangoja waseme alisema kweli.”

Debra alipumzika kidogo, akashika mkongojo wake vizuri.

“Na wewe?”

“Mimi nimekuja tutembee,” Perez akasema. “Leta huo mguu.”

Debra akauleta.