Saa ya Mama Kiraka

Programu tunayojengea mifumo ya kampuni husimama usipogusa kipanya. Waliotuuzia wameandika kwenye mwongozo, bila haya: "Tatizo linajulikana. Endelea kusogeza kipanya." Na kazi moja huchukua dakika arobaini! Nilikisukuma huku nikiwalaani wote.

Nikavuta droo ya fundi mwenzetu aliyestaafu, tuliyemwita Mama Kiraka. Ndani mlikuwa na saa yake ya mkononi, bado inatembea, na karatasi: "Mwanangu, weka kipanya juu ya kioo cha saa. Mshale wa sekunde utakihangaisha, kidhani kinasogezwa. Wewe kanywe chai."

Kazi ikaenda hadi mwisho. Nilikunywa chai ile nikimwombea maisha marefu.

Ndipo nikakumbuka siku tuliyomuaga. Mlangoni alitazama mkono wake mtupu, akatuuliza ni saa ngapi, nasi tukamcheka.